Kabla hujanunua kisu cha pili

Swali: Shikamoo mzee. Naishi Tabata, nina miaka 34, ni mhasibu. Babu yangu alifariki mwaka jana huko Rufiji, nikapewa kisu chake cha Okapi, kile cha kukunja chenye mwezi na nyota kwenye mpini. Tangu siku hiyo nimevutiwa na visu vya kukunja vilivyotengenezwa kwa mkono. Nataka kuanza kuvikusanya, na pia nataka kimoja niwe natembea nacho kila siku. Nimetenga laki sita. Mke wangu hataki hata kusikia habari ya kisu kwenye mkoba wangu. Nianzie wapi, nitajuaje kwamba sidanganywi, na je, ni halali kutembea nacho hapa Dar?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na babu.

Umeniuliza mengi kwa pumzi moja, na ukatanguliza ununuzi. Mimi nitatanguliza hicho ulicho nacho mkononi, maana ndani ya Okapi ya babu mna karibu kila kitu unachohitaji kukijua kabla ya kuigusa hiyo laki sita.

Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, ikilenga soko la makoloni ya Kijerumani ya Afrika. Wakati huo Dar es Salaam hii ndiyo ilikuwa makao makuu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jina walilipata kwa yule mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu kabla, 1901. Mwaka 1988 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini, na huko ndiko zinakotoka mpaka leo. Tazama chapa iliyo kwenye ubapa: ikitaja Ujerumani, kwa kawaida ni ya kabla ya 1988, ikitaja Afrika Kusini, ni ya baadaye. Hicho si kisu cha fundi mmoja aliyekaa kwenye benchi lake, ni kisu cha kiwandani, na hakikuwahi kuwa cha bei. Lakini kimemenya mihogo, kimekata kamba na kuchuna mbuzi kwa vizazi vitatu vinne katika nusu ya bara hili. Mkusanyaji anayekidharau ananitia mashaka.

Sasa kifungue polepole, uone kinavyofanya kazi. Mgongoni mwa mpini kuna springi ndefu ya chuma, na juu yake kuna pete ndogo. Ubapa ukifika mwisho, jino la shina lake, ile sehemu ya ubapa iliyo ndani ya mpini, huingia kwenye springi na kukaa. Ile sauti ya kra-kra unayoisikia ni meno yakipita moja baada ya jingine. Kukifunga, unavuta pete, springi inanyanyuka, ubapa unaachiwa. Ukishauelewa mwendo huo umeelewa kiini cha mambo yote nitakayokuambia.

Kiswahili si maskini wa visu. Tuna jambia, tuna sime, tuna shembea, tuna kotama ya mgema, tuna kijembe. Vyote hivyo ni ubapa ulioshikamana na mpini wake moja kwa moja. Kisu cha kukunja hatukukipa jina la peke yake, tumekiita hivyohivyo, kisu cha kukunja, na nadhani jina hilo limepatia. Kitu chenyewe ni ule mkunjo. Ubapa mzuri fundi yeyote wa chuma wa mtaa wa Gerezani anaweza kukukatia kutoka kwenye springi ya lori. Bingwa utamtambua pale ubapa unapokutana na mpini, kwenye pini moja yenye unene wa msumari.

Chukua aina ninayoipenda kuliko zote, ile isiyo na komeo la kuuzuia ubapa usijikunje, inayoshikiliwa na springi ya mgongo peke yake. Mafundi wa Sheffield, Uingereza, wameitengeneza kwa karne kadhaa. Ndani yake hamna vitu vingi: ubapa, springi, mabamba mawili membamba ya shaba au stenlesi, mashavu mawili ya mpini, na pini chache. Ugumu uko hapa: springi inatakiwa ikae sawasawa na mgongo wa mabamba ubapa ukiwa wazi, ikae sawasawa ubapa ukiwa umefungwa, na kama fundi ameweka kituo cha katikati, pale ubapa unaposimama ukiwa nusu wazi, ikae sawasawa hapo pia. Hali tatu, springi moja. Kila upande wa shina la ubapa husagwa peke yake, kidogo kidogo, fundi akikunja na kufungua, akifungua tena na kusaga tena. Wengine hupima kwa kipimo chenye mshale kama saa. Mimi nimezoea ukucha wa kidole gumba, ambao hugundua ngazi ndogo sana ambayo jicho linaipita.

Kwa hiyo ukipewa kisu kipya mkononi, usianze na ubapa, hata kama unang'aa kama kioo. Pitisha ukucha mgongoni, kikiwa wazi, kisha kikiwa kimefungwa. Ukucha usikwame popote. Kinyanyue mbele ya dirisha na utazame kati ya springi na mabamba: mwanga ukipenya, fundi aliharakisha. Kikiwa kimefungwa, tazama kwa juu kama ubapa umelala katikati ya nafasi yake au umeegemea shavu moja. Kifungue, shika ubapa kwa vidole viwili karibu na ncha, ujaribu kuutikisa kushoto na kulia. Usicheze hata kidogo. Mwisho sikiliza. Kisu kilichotengenezwa vizuri hufunga kwa mlio mmoja mkavu, na springi inauvuta ubapa yenyewe katika sehemu ya mwisho ya safari. Kibovu hunong'ona tu. Baada ya visu ishirini hivi sikio lako litakuwa limekwisha kujua kabla ya macho.

Visu vyenye komeo vina historia yao, na humo kuna jambo moja la kujivunia huku kwetu kusini mwa Sahara. Opinel ya Ufaransa, iliyoanzishwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, ilikaa miaka 65 bila komeo. Ile pete ya kuzungusha shingoni iliwekwa mwaka 1955. Miaka ya 1980 Mmarekani Michael Walker alitengeneza komeo la bamba la ndani ambalo hujisukuma lenyewe nyuma ya shina, na leo liko kwenye visu vingi mno duniani. Kisha Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani mwaka 1989, akalipeleka wazo hilo mbele kwa kuufanya upande mzima wa mpini ndio uwe komeo. Kisu chake kilichompa jina anakiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Nimewahi kukishika mara mbili. Hakina pambo lolote, na sijaona mkunjo laini kama ule.

Komeo lijaribu kabla ya kuliamini. Fungua kisu, weka vidole vyote nje ya njia ya makali, gonga mgongo wa ubapa taratibu kwenye ubao. Likiachia, mrudishie mwenyewe. Nina kovu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, nilikuwa nakata bomba la plastiki kwa kisu cha bei rahisi nilichokinunua bila kukijaribu. Ubapa ulikunjika kuja kwangu, nikashonwa nyuzi nne. Tangu siku hiyo hata kisu chenye komeo nakitumia kana kwamba hakina.

Kuhusu kudanganywa, nitakuonyesha milango mitatu ambayo wadanganyifu huipenda.

Wa kwanza ni chuma chenye mawimbi, ambacho watu hukiita dameski. Cha kweli hupatikana kwa kuunganisha kwa moto na nyundo tabaka za vyuma viwili, kimoja chenye nikeli na kimoja kisicho nayo, na kuzikunja mara nyingi. Ubapa ukiisha hutiwa kwenye asidi. Chuma cha kawaida hugeuka cheusi, chenye nikeli hubaki cheupe, na mawimbi yanatokea. Ufundi huu ulikuwa umefifia sana Marekani mpaka Bill Moran alipouonyesha kwa watengenezaji wenzake mwaka 1973, na baada ya hapo umeenea kila mahali. Bandia huchorwa juu tu ya chuma cha kawaida. Angalia mgongo wa ubapa: mawimbi ya kweli huvuka mgongo kutoka upande mmoja wa ubapa kwenda mwingine, kama mistari ya mbao inavyovuka ukingo wa meza. Ya bandia huishia ukingoni. Muuzaji akikuzuia kuangalia mgongo, rudisha pesa mfukoni. Na hata dameski ya kweli si lazima ikate kuliko chuma cha kawaida kilichochomwa vizuri. Unalipia uzuri na jasho la mhunzi, na hiyo ni sababu tosha, ilimradi uijue.

Mlango wa pili unaufahamu kama umewahi kutembea Mwenge kwa wachonga vinyago: mpingo wa kiwi. Mbao yoyote nyepesi, ikipakwa rangi ya viatu na kusuguliwa, hung'aa vizuri mbele ya mgeni. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Kwenye kisu huwezi kuzamisha mpini, lakini unaweza kuufuta kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo na kuona kama kitambaa kinapata weusi. Tazama pia ndani, pale mashavu yanapokutana na bamba, mahali ambapo mpakaji rangi huwa hafiki. Na uulize mbao ilikaushwa muda gani. Mpingo ambao haukukauka hupasuka kuanzia kwenye pini, na hali ya hewa yetu ya kupishana kiyoyozi cha ofisini na jasho la barabarani huupasua haraka zaidi.

Wa tatu ni jina. Laguiole, kwa mfano, ni kijiji cha Ufaransa, kwenye mkoa wa Aveyron, na umbo la kisu chake lenye nyuki juu ya springi linapendwa dunia nzima. Jina hilo halikuwa mali ya kiwanda kimoja, kwa hiyo limechapwa kwenye visu vilivyotengenezwa mabara mengine kabisa. Wafaransa wenyewe huvitengeneza kwa wingi zaidi mji wa Thiers kuliko kijijini. Neno hilo likiwa limeandikwa kwenye ubapa halikuambii nani alikitengeneza. Uliza warsha. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwenye visu kibaya hujitembeza kwa boksi zuri la mbao na kitambaa chekundu ndani.

Sasa nije kwenye bahari, maana mkusanyaji wa Dodoma na mkusanyaji wa Dar hawafanyi kazi moja. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na masika huongeza. Chuma cha kaboni, chenye kaboni karibu asilimia moja na kromiamu kidogo sana au hakuna, hukata vizuri mno na hunoleka kirahisi, lakini hapa kwetu kinashika kutu usiku mmoja tu. Stenlesi inahitaji kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5 ndipo istahili jina hilo, na nayo si kinga kamili, inachelewa tu. Watengenezaji wa siku hizi wana vyuma vilivyobuniwa kuunganisha sifa zote mbili. MagnaCut, iliyobuniwa na Larrin Thomas na kutoka mwaka 2021, ndiyo ninayoiona inatufaa sana watu wa pwani kati ya vyuma vikali vya sasa. Bei yake nayo si ya kitoto.

Miaka mingi iliyopita nilihifadhi kisu changu bora kabisa, cha kaboni, ndani ya ala yake ya ngozi, nikakiweka kwenye droo kwa heshima zote. Nikasafiri Aprili na Mei yote. Niliporudi, ngozi ilikuwa imefyonza unyevu na kuukumbatiza ubapa, na kutu ilikuwa imechimba vishimo ambavyo mpaka leo havijatoka. Nililia, sikufichi. Ala ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Hifadhi visu kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ukiweka ndani vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ukivibadilisha kila baada ya miezi michache. Paka ubapa na kiungo tone la mafuta ya cherehani, yafute yabaki ukungu tu. Usitumie mafuta ya kupikia. Yanaganda na kuufanya mkunjo uwe kama umepakwa ulimbo. Na visu vyenye mipini ya seluloidi, ile plastiki ya zamani inayofanana na gamba la kasa, vitenge na vingine, kwa sababu seluloidi ikizeeka hutoa mvuke unaokula chuma cha jirani zake wote.

Kisu cha kaboni unachokitumia kila siku kitabadilika rangi, na hilo lisikutishe. Kata nacho embe dodo, kata vitunguu, menya chungwa, utaona ubapa unaingia bluu, kisha kijivu, kisha rangi kama ya wingu la mvua. Hiyo si kutu, ni ngozi mpya ya chuma, na inakisaidia. Adui ni nyekundu. Ukiona nyekundu, msasa laini wa namba 1000 na tone la mafuta, sugua kwa kufuata urefu wa ubapa, basi.

Kunoa kunahitaji jibu lake lenyewe siku nyingine. Kwa leo nakuomba jambo moja tu: kisu kilichotengenezwa kwa mkono usimpe mnoaji wa baiskeli anayepita mtaani. Nawaheshimu sana wale vijana, visu vya jikoni kwangu wananolea wao. Lakini jiwe lile linazunguka likiwa kavu, na makali membamba yakipata joto mpaka yakaingia rangi ya bluu, ule ugumu ambao fundi aliutafuta kwa moto na mafuta umekwenda, haurudi bila kuchomwa upya. Nunua kinoo cha maji chenye pande mbili, uweke ubapa kwenye pembe ya kama nyuzi 15 hadi 20, ujifunze kwa kisu cha jikoni kwanza.

Umeniuliza uhalali. Mimi si wakili. Ninachokijua ni kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kwenda hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu, na kisu kinageuka silaha au kifaa kutegemea ni kisu gani, uko wapi, saa ngapi, na unakifanyia nini. Kisu kidogo cha kumenyea matunda ndani ya mkoba wa mhasibu mchana kina maelezo yake. Ubapa mrefu wa ncha kali kiunoni usiku wa manane hauna. Usitembee na chochote kinachofyatuka chenyewe kwa kubonyeza kitufe, usikifungue kwa mbwembwe, usikifungue kabisa ndani ya daladala au kwenye foleni ya mwendokasi. Mahakamani, benki, uwanja wa mpira, acha nyumbani. Kwenye stesheni ya SGR na uwanja wa ndege mizigo hupita kwenye mashine. Ukipanda ndege kisu kinakaa kwenye begi linaloingia chini, si la mkononi. Mimi nilipoteza kimoja bandarini nikienda Unguja kwa sababu nilikisahau mfukoni. Waliokichukua walitimiza wajibu wao, uzembe ulikuwa wangu. Na ukisafiri nje, soma sheria ya huko kwanza: Uingereza, kwa mfano, hukuruhusu kubeba bila kutoa sababu kisu cha kukunja kisicho na komeo chenye makali yasiyozidi inchi 3 tu.

Mke wako hajakosea. Jiji hili limepitia habari za Panya Road, na mama yeyote aliyewahi kufunga mlango mapema kwa sababu ya vijana wenye mapanga ana haki ya kushtuka akiona ubapa kwenye mkoba wa mumewe. Okapi nayo, kwa bahati mbaya, imebebwa na watu wema na vibaka pia, kwa hiyo sura yake inatisha hata kama iko mikononi mwa mtu wa msikitini. Ndiyo sababu nasema Okapi ya babu ibaki nyumbani. Usimwambie mkeo kwamba kisu ni cha kujilinda. Si kweli, na ukikichomoa kwa mkabaji, umegeuza wizi wa simu kuwa msiba. Mwambie ukweli kwamba ni kifaa, kisha kitumie mbele yake kama kifaa. Menya chungwa, mpe kisu kwa kutanguliza mpini, kifute, kikunje. Baada ya wiki chache ataanza kukuomba umfungulie maboksi.

Sasa pesa. Laki sita usiitumie yote, wala nusu yake, mwaka huu. Kwanza tafuta kisu cha kutembea nacho, na hicho kisiwe cha mkono. Najua hukutaka kusikia hivyo. Lakini kisu cha kutembea nacho kinapotea, kinaibwa, kinaanguka kwenye bodaboda, kinaazimwa na mtu wa ofisini anayefungulia kopo la rangi. Victorinox ndogo nyekundu, kutoka warsha aliyoifungua Karl Elsener nchini Uswisi mwaka 1884, watu wote wanaitambua kama kifaa na hakuna anayeiogopa. Chuma chake si kigumu sana, kwa makusudi, ili unoe kirahisi. Opinel namba 8 nayo nzuri, ila mpini wake wa mbao hufura wakati wa mvua na ubapa unakwama ndani. Upake mafuta ya kitani kabla ya masika. Nje, Opinel ni kama dola 20. Sebenza inapita dola 400, ili uone umbali uliopo. Ukiagiza chochote kutoka nje hesabu ushuru na VAT ya asilimia 18, na uulize TRA kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kufika.

Kisha, kwa miezi sita, usinunue kitu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wakusanyaji wengi ninaowafahamu wana droo iliyojaa vidonda vya mwaka wa kwanza. Tembea na kimoja hicho. Utajua kama unapenda ubapa mrefu au mfupi, mpini mnene au mwembamba, kufungua kwa ukucha au kwa kidole gumba. Bila kuyajua hayo, ukimwendea fundi utakuwa unampa pesa akutengenezee kisu cha mtu mwingine.

Baada ya hapo ndipo uagize kile cha mkono, na ningependa kiwe cha hapahapa. Tuna mpingo, ambao dunia inautumia kutengeneza klarineti na obo, tuna wachongaji wa Kimakonde wanaoujua kwa kuugusa, tuna pembe na mifupa ya ng'ombe kutoka machinjio ya Vingunguti. Tuna wahunzi. Kilicho haba ni wateja wanaoweza kumwambia fundi kwa nini springi yake inakwama, na wewe unaweza kuwa mmoja wao. Mtafute mtu wa chuma na mtu wa mbao wafanye kazi pamoja. Usiombe mapambo. Omba ubapa wa sentimita sita au saba, springi ya mgongo, mashavu ya mpingo uliokauka, na umwambie fundi wazi kwamba utapitisha ukucha mgongoni. Lipa nusu mbele. Kisu cha kwanza hakitakuwa kamili. Mpe cha pili.

Jambo moja hapa silifanyii mjadala. Mpini usiwe wa kitu chochote cha mwituni. Pembe za ndovu unajua mwenyewe, lakini nje kuna mafundi wanaotumia mfupa wa twiga, jino la ngiri, pembe ya nyati, na huko wanauza. Hapa kwetu hizo ni nyara za Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa zito, hata kama ulipewa zawadi, hata kama ni kipande cha urefu wa kidole. Twiga ni mnyama wa taifa wa nchi hii, asiwe mpini wako. Mpingo nao, pamoja na karibu jamii yake yote ya Dalbergia, uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017. Ukitaka kumpelekea fundi wa nje magogo au vipande vya mbao, pita TFS, wakala wa misitu, kwanza.

Turudi Rufiji. Okapi ya babu usiipeleke kwa mtu wa grenda, atakuletea kisu kipya kisicho na babu ndani yake. Mimina matone ya mafuta ya taa kwenye kiungo, si kwenye mbao, uache usiku mmoja, ukunje na kufungua mpaka uchafu mweusi utoke, ufute, kisha tone la mafuta ya cherehani. Mpini ufute kwa kitambaa kikavu na upake mafuta ya kitani kidogo sana, usiupake vanishi. Nyota au mwezi ukiwa umelegea usiugundishe na supaglu, niletee.

Makali usiyaguse bado. Mtu akinoa kisu kimoja miaka mingi kwenye jiwe lilelile, ubapa unaliwa kwa namna yake, upande mmoja zaidi ya mwingine, karibu na ncha au karibu na shina, kutegemea mkono alioutumia na alivyokuwa akikaa. Piga picha mbili, moja ya ubapa ukiwa umelala na moja ukiutazama kwa mbele kutoka kwenye ncha, unitumie. Na umuulize bibi, kama yupo, babu alikuwa ananoa kwa mkono gani.